Titi au maziwa ya mkebe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na kina mama wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Maswali haya yametoka kwenye foleni ya mizani kliniki, kwenye vibanda vya soko la Kibuye, kwenye matatu za Kondele, na mengi yamekuja kwa simu usiku, saa ambayo mtoto analia na nyumba nzima ina maoni. Nimeyaacha karibu yalivyoulizwa. Mengine yana jibu refu, mengine sentensi mbili zinatosha.

Tuanze na lenyewe: kipi bora?

Titi, kwa karibu kila mtoto na karibu kila mama. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wanasema jambo moja: mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye titi pekee miezi 6 bila hata tone la maji, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Wakenya wengi wamelisikia hilo na kulifuata. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09, watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya titi pekee walikuwa asilimia 32. Mwaka 2014 wakafika 61. Mwaka 2022 ikawa 60. Tulipanda kwa kasi, kisha tukasimama. Maoni yangu ni kwamba waliobaki hawakosi mahubiri. Wanakosa muda, pesa, na mtu wa kukaa nao wiki mbili za kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu hapa chini inahusu kinachowezekana katika nyumba ya Nyalenda yenye mtungi mmoja wa maji, au nyumba ya Nakuru yenye friji lakini mama yuko kazini kabla jua halijachomoza.

Mkebe umepungukiwa na nini hasa?

Kinga. Maziwa ya mkebe, yaani ya unga ya kuchanganyiwa watoto wachanga, yana protini, mafuta, sukari, madini ya chuma na vitamini, na mtoto akipewa kwa kipimo sahihi atakua. Si sumu, na anayekuambia ni sumu anakutisha tu. Lakini maziwa ya mama yana chembe hai na kingamwili zinazotengenezwa kupambana na vijidudu vya nyumbani kwenu. Mama akipata homa ya mafua leo, maziwa yake yanaanza kubeba kinga ya mafua hayo. Yale ya siku za mwanzo, mazito na ya manjano, yana kinga nyingi kuliko yote. Usiyakamue ukayamwaga kwa sababu yanaonekana machafu. Hapa kwetu, ambako kuhara na nimonia bado vinalaza watoto wadogo wodini, hiyo kinga ndiyo tofauti kubwa.

Sina maziwa ya kutosha. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Ninunue mkebe?

Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo linalouza mikebe mingi kuliko tangazo lolote.

Usipime maziwa kwa kilio. Mtoto hulia akiwa na joto, na Kisumu lina joto. Hulia akitaka kubebwa. Hulia jioni bila sababu inayoeleweka. Usipime kwa ulaini wa matiti pia. Baada ya wiki kadhaa matiti hulegea kwa sababu mwili umejifunza kiasi kinachohitajika. Wala usipime kwa unachokamua, maana mtoto hutoa maziwa vizuri kuliko mkono au pampu.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni nepi: kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zenye mkojo mweupe kwa siku. La pili ni mizani. Mtoto hupungua uzito siku za kwanza, hata kufikia asilimia 7 hadi 10, na hiyo ni kawaida. Lakini akifika wiki mbili awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao, na baada ya hapo mstari katika kijitabu cha kliniki uwe unapanda. Nepi zikiwa sawa na mstari ukipanda, maziwa yanatosha, hata jirani aseme nini.

Mbona basi kuna siku anashinda kwenye titi? Watoto wengi hufanya hivyo karibu na wiki ya tatu, ya sita na mwezi wa tatu. Anaagiza maziwa ya wiki ijayo. Ukimpa chupa siku hizo, ile oda haifiki: titi lisilonyonywa hupunguza kazi, kesho maziwa yanapungua kweli, na wewe unasema, “Si nilisema?”

Ikiwa nepi ni chache au uzito umekwama, kwanza tazama anavyolishika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani, na usisikie mlio wa kubusu. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mwombe nesi akutazame ukinyonyesha dakika kumi nzima. Akikujibu kutoka upande wa pili wa meza bila kutazama, uliza mwingine.

Wapo kina mama wachache ambao kweli maziwa hayatoshi: waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, waliobakiwa na kipande cha kondo la nyuma, wenye shida ya tezi ya shingo, waliofanyiwa upasuaji wa matiti. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupunguza maziwa, na si kila muuza dawa hukumbuka kuuliza kama unanyonyesha. Ukiwa miongoni mwa hawa, mkebe ni msaada, na hakuna mtu wa kuomba msamaha.

Mama mkwe anataka mtoto apewe maji, glukosi na manyasi (dawa za mitishamba). Nimwambieje?

Mwambie kwa heshima, na ikiwezekana mwambie mkiwa pamoja kliniki, nesi aseme badala yako. Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 88, kwa hiyo hata kwenye jua la Ahero mtoto hana kiu ambayo titi haliwezi kuiondoa. Tumbo la mtoto wa siku moja linashika kama kijiko kimoja cha chai. Ukilijaza glukosi, maziwa yenye kinga yataingia wapi? Manyasi na dawa za chango za kemisti huja na maji ambayo hujui yalichotwa wapi.

Mimi hupenda kumpa mama mkwe kazi nyingine. Akuogeshee mtoto, akupikie, akushikie ulale saa mbili mchana. Wengi wao walitaka tu kuwa na nafasi katika malezi ya mjukuu.

Nile nini maziwa yaongezeke?

Kila jamii ina jibu lake, na mengi ni mazuri: njahi Nakuru, chinsaga Kisii, mrenda na omena upande wa ziwa, uji wa wimbi kila mahali. Vyote vinakujenga wewe baada ya kujifungua. Kinachoongeza maziwa ni kunyonywa. Chakula kinampa nguvu anayenyonywa. Kunywa kila ukihisi kiu, basi. Busaa, ambayo bado inasifiwa na baadhi ya nyanya, inafanya kinyume: pombe huzuia maziwa yasishuke vizuri.

Nina virusi vya UKIMWI. Si salama zaidi kumpa mkebe?

Miaka ishirini na zaidi iliyopita wengi wangekuambia ndiyo, na ushauri huo bado unazunguka mitaani. Dawa zimebadilisha hesabu.

Sehemu ya ushahidi ilipatikana hapahapa. Kati ya 2003 na 2009, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walifanya Kisumu utafiti wa kina mama 522 wenye virusi, waliopewa dawa tatu kwa pamoja kuanzia wiki ya 34 ya ujauzito hadi miezi 6 ya kunyonyesha. Watoto walipofika miaka 2, walioambukizwa walikuwa asilimia 7, wakiwemo walioambukizwa tumboni na wakati wa kuzaliwa. Bila dawa yoyote, kiwango hicho huwa kati ya asilimia 15 na 45. Jambo la pili lililoonekana Kisumu miaka hiyo halitajwi sana: watoto walioachishwa titi ghafla wakiwa na miezi 6 waliharisha zaidi.

Leo dawa ni bora na huendelea maisha yote. Mama anayezimeza kila siku, na kiwango cha virusi kimeshuka hadi hakionekani kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha iko chini ya asilimia 1. Chini ya 1 si sufuri, na una haki ya kuambiwa hivyo. Ndiyo maana mwongozo wa Kenya ni titi pekee miezi 6, kisha titi na chakula hadi miezi 24, wewe ukimeza dawa zako na mtoto akipewa za kwake za kumkinga, na kupimwa wiki ya 6, miezi 6, miezi 12 na miezi 18.

Maswali mawili hufuata hapa kila mara. Je, nikilazimika kumchanganyia titi na mkebe, niache titi? Hapana. Titi pekee ni bora zaidi, lakini ukiwa kwenye dawa, kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Na je, nikiamua kutonyonyesha kabisa? Inaruhusiwa, ikiwa nyumbani kuna maji safi, moto, pesa za mkebe kila wiki bila kukosa, na familia isiyokulazimisha kunyonyesha mbele ya wageni. Lizungumze na kliniki yako kabla ya kujifungua. Ukiamua kuacha baadaye, acha polepole kwa muda wa mwezi mmoja, na uendelee na dawa.

Ukiruka dawa wiki kadhaa, rudi haraka kliniki useme. Watakukaripia au hawatakukaripia, wewe nenda.

Narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Itakuwaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Miezi mitatu na miezi 6 ya titi pekee hazilingani, na waliotunga waliliona hilo baadaye: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, kifaa cha kupozea, soketi ya stima, meza na viti. Inakupa pia mapumziko ya jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, yakihesabiwa kama muda wa kazi, mbali na saa ya chakula. Waajiri wengi hawajafanya hivyo. Barua ya heshima inayotaja vifungu vya 71 na 72 imewahi kufungua milango ambayo maombi ya mdomo hayakufungua, hasa mkiandika wanawake watano pamoja.

Anza kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurudi. Pampu si lazima. Nawa mikono, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute ngozi. Siku za mwanzo utatoa kidogo hadi uhisi unapoteza muda. Baada ya wiki mikono inajua.

Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 nje ya friji kama joto halizidi nyuzi 25. Kisumu huvuka hapo siku nyingi za mwaka, kwa hiyo usiyaache nje mpaka saa 4 ziishe. Tafuta chombo chenye barafu. Kwenye friji hukaa siku 4, nyuma kabisa, si mlangoni. Stima ikipotea usifungue friji ovyo. Andika tarehe na saa kwa kalamu juu ya chombo, na umwonyeshe msaidizi wa nyumbani jinsi ya kuyapasha: weka chombo ndani ya bakuli la maji moto. Maikrowevu hapana, huchoma sehemu moja na kuacha nyingine baridi. Ampe kwa kikombe kidogo. Kikombe huoshwa kikatakata, chupa ina kona nyingi.

Na wewe unayeuza Kibuye au Jubilee, ambaye likizo yako iliisha siku uliyopata nguvu za kusimama? Kwa hesabu ya titi, unaweza kuwa na nafasi kuliko karani wa benki. Nenda na mtoto, au aletewe mara mbili mchana. Kivuli na leso vinatosha.

Maziwa ya mkebe yatanigharimu kiasi gani?

Bei hubadilika kila mwezi, basi nikupe hesabu, wewe uweke bei ya dukani kwenu. Mtoto huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 5 anakunywa 750 hivi, na hizo hutumia karibu gramu 100 za unga. Mkebe wa gramu 400 unaisha kwa siku nne. Mwezi mmoja ni mikebe 7 au 8. Miezi 6 yote ni karibu kilo 20, yaani mikebe 50 ya gramu 400. Juu yake weka gesi au makaa ya kuchemsha maji mara sita au saba kwa siku, na nauli ya kwenda hospitali akiharisha.

Fanya hesabu hiyo kabla titi halijakauka. Ninaowahurumia zaidi ni waliojua bei kamili mwezi wa pili, maziwa yakiwa yameshaondoka.

Unga ukikaribia kuisha, naweza kuongeza maji kidogo ufike mwisho wa mwezi?

Usifanye hivyo hata siku moja. Ningekuwa na nafasi ya kujibu swali moja tu hapa, ningechagua hili. Maziwa mepesi humjaza mtoto tumbo bila kumlisha. Anakuwa mtulivu, mnadhani ameshiba, kumbe anadhoofika. Maji mengi pia hushusha chumvi katika damu yake, na anaweza kupata degedege. Kuzidisha unga ili “ashibe alale” nako kunamkausha na kuelemea figo. Unga ukiisha na pesa hakuna, nenda kliniki siku hiyohiyo ueleze. Kama bado una titi, mrudishe mara nyingi iwezekanavyo.

Basi unatengenezwaje?

Unga wa mkebe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, hata ukiwa mpya. Ndiyo sababu maji lazima yawe moto yakikutana nao. Fanya hivi.

Osha kikombe au chupa kwa maji ya sabuni, kisha chemsha. Nawa mikono. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, hata kama ni ya mfereji, hata kama umetia dawa ya maji. Yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi. Tangulia kutia maji kwa kipimo, halafu unga, kwa kijiko kilichomo ndani ya mkebe huohuo, kikiwa kimesawazishwa juu kwa kisu safi. Kijiko cha mkebe mwingine hakifai, vipimo hutofautiana. Tikisa, poza kwa kuzamisha chombo katika maji baridi, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani. Mpe mara moja. Kilichobaki baada ya saa 2 mwaga, hata kama roho inauma.

Mikebe mingine imeandikwa utumie maji vuguvugu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu, shikilia nyuzi 70.

Usiku, weka maji yaliyotokota kwenye themosi safi, si ile ya chai yenye majani pembeni, na unga pembeni ukiwa umeshapimwa. Usitengeneze jioni maziwa ya kunywa alfajiri.

Sisi tuko Nakuru na maji yetu ni ya kisima. Kuna la ziada?

Liko. Maji mengi ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wazima wa Nakuru mengi yalitokana nayo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea. Mtoto wa mkebe anakunywa maji hayo mara saba kwa siku wakati ambapo meno yake ya kudumu yanaanza kujengeka ndani ya ufizi. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au maji yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimetengenezwa Nakuru kwa miaka mingi.

Anayenyonya hana shida hiyo. Mama akinywa maji yenye floraidi, ni kidogo mno inayopita kwenye maziwa.

Mbona manesi hawataki kuzungumzia mkebe?

Kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya kuielewa nusu. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia kampuni kutangaza maziwa ya watoto, baada ya miaka ya sampuli za bure zilizokausha matiti ya kina mama katika nchi maskini. Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012. Inakataza matangazo, punguzo la bei, sampuli na zawadi kwa wahudumu wa afya. Ni sheria nzuri, na ningependa isimamiwe zaidi kwenye simu zetu, ambako matangazo yamejificha ndani ya picha za watoto wazuri.

Lakini haikatazi kumfundisha mama ambaye ameshaamua au hana njia nyingine. Nesi akinyamaza, mama anajifunza kwa jirani, na jirani anapima kwa kijiko cha sukari. Uliza waziwazi: “Nesi, mtoto wangu anatumia mkebe, nionyeshe kuchanganya.” Ni haki yako.

Naweza kumpa vyote viwili?

Unaweza. Wengi wanafanya hivyo na hawasemi. Acha mwezi wa kwanza upite, titi likomae kwanza. Kisha toa titi kabla ya mkebe, nyonyesha kila mkiwa pamoja, na usiache kunyonyesha usiku.

Maziwa ya ng'ombe je? Tuna ng'ombe wetu, safi kabisa.

Yasubiri mtoto atimize mwaka. Yana protini na chumvi nyingi kwa figo changa, madini ya chuma kidogo, na yanaweza kufanya utumbo wake uvuje damu polepole. Ya mbuzi hayana foliki asidi ya kutosha. Uji mwepesi kabla ya miezi 6 ni maji yenye unga.

Mama wa mtoto ametuacha. Mimi ni nyanya, nina umri wa miaka 54. Nitamlea vipi?

Pole, mama. Mtoto huyu anahitaji maziwa ya mkebe mpaka mwaka utimie, na hapa hakuna wa kukuambia titi ni bora. Kabla ya kutoka hospitali, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii na mtaalamu wa lishe. Eleza mapato yako kama yalivyo, na usitoke mpaka umetengeneza maziwa mbele yao kwa mikono yako mwenyewe.

Akijitokeza binti au shangazi wa kumnyonyesha, apimwe virusi kwanza, na arudie kupimwa anapoendelea. Wapo nyanya ambao maziwa yamewarudia kwa kumpachika mtoto mara kwa mara. Yawezekana, ila ni kazi, na mkebe lazima uendelee wakati unajaribu. Benki ya maziwa ya mama iko Pumwani, Nairobi, tangu 2019, lakini inahudumia watoto waliolazwa, kwa hiyo usipande basi kuifuata.

Chuchu zimepasuka na titi moja ni gumu, jekundu, lina moto. Nipumzike kunyonyesha?

Usipumzike. Maziwa yakikaa humo, uvimbe unageuka jipu. Nyonyesha au kamua upande huo kama kawaida, weka kitambaa baridi baadaye, meza parasetamoli. Ukiwa na homa au usipopata nafuu ndani ya siku moja, nenda upewe antibiotiki zinazofaa kunyonyesha. Chuchu hupasuka kwa kushikwa vibaya. Rekebisha mshiko, pakaza matone ya maziwa yako, yakauke.

Nina malaria. Dawa itapita kwenye maziwa?

Kidogo sana. Dawa za malaria tunazopewa kwa kawaida, parasetamoli na amoksilini hazikuzuii kunyonyesha. Hata mwenye kifua kikuu hunyonyesha, mtoto akipewa dawa za kumkinga. Zinazozuia kweli ni chache, kama za saratani. Mwambie daktari unanyonyesha kabla hajaandika.

Kunyonyesha kunaangusha matiti?

Mimba ndiyo inayoyaangusha, pamoja na umri. Hata asiyenyonyesha yatamwangukia.

Nikinyonyesha kwenye matatu, si nitapata mwenye sihoho (jicho baya)?

Jifunike leso kama inakupa amani, na unyonyeshe. Mtoto mwenye njaa kutoka Kisumu hadi Busia ni hakika. Sihoho ni labda.

Ni kweli kunyonyesha kunazuia mimba?

Ndiyo, kwa zaidi ya asilimia 98, masharti matatu yakitimia yote: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya titi pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, tafuta njia nyingine. Chupa moja ya mkebe kila usiku imewaletea wengi mimba ambayo haikuwa kwenye mpango.

Niliacha kunyonyesha wiki tatu zilizopita na ninajuta. Naweza kurudi?

Mara nyingi inawezekana. Mpachike mara 8 hadi 12 kwa siku, umlaze ngozi kwa ngozi, na uendelee kumpa mkebe kwa kikombe mpaka nepi na mizani ziseme upunguze. Huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Yakirudi nusu, nusu hiyo ina kinga.

Ni lini nisingoje asubuhi?

Mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, wakati wowote. Mtoto yeyote anayekataa kunyonya au kunywa kabisa, analegea na haamki vizuri, hajakojoa kwa saa 6, utosi umebonyea, anapumua haraka kifua kikiingia ndani, anaharisha damu, anatapika kila kitu, au amepata degedege. Kama ananyonya, mnyonyeshe njiani. Kama anatumia mkebe, beba mkebe wenyewe, kijiko chake na chupa uliyotumia mara ya mwisho, ufike Russia (hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu) au PGH (hospitali kuu ya Nakuru), nesi aone kwa macho yake unavyopima.